Kofia Isivuke Kwenda Kongo: Vifaa vya Kuishikilia Kichwani, Kuanzia cha Kununua Kwanza

Kofia yangu ya tatu ya ukindu ilinitoka kichwani dakika kama ishirini baada ya kuiacha Kibirizi, hapa Kigoma, boti likiwa limejaa abiria, viroba vya unga na kreti za soda. Nahodha alipunguza moto, akanitazama, akaitazama kofia inavyobingirika juu ya mawimbi, kisha akaongeza moto kama vile hakuna kilichotokea. Mama mmoja aliyekaa juu ya kiroba akanipa pole yake: "Iache tu baba, inakwenda Kongo kutafuta maisha." Watu wakacheka mpaka tunafika Mwamgongo. Na yule mama hakukosea sana. Ilikuwa Julai, wakati upepo wa kusini-mashariki unalisukuma Ziwa Tanganyika kutwa nzima kuelekea upande wa Kongo, na ukindu unaelea.

Mimi hununua dagaa kwenye mialo ya kaskazini na kuwashusha mjini Kigoma. Napanda boti mara mbili au tatu kwa wiki, saa za jua kali, na kukaa kichwa wazi siwezi: jua linakupiga kutoka juu, halafu linakupiga tena kutoka kwenye maji. Nilipochoka kununua kofia nikaanza kununua vya kuzishikilia. Nimejaribu karibu kila kinachouzwa kwa kazi hiyo, na vingine visivyouzwa popote, vya kubuni na fundi cherehani. Navipanga hapa kuanzia kile ambacho ningekushauri utoe hela yako kwanza. Bei sitaziandika kwa tarakimu maana ukifika utakuta zimeshapanda. Jua tu kwamba vingi kati ya hivi havizidi soda mbili au tatu, na cha ghali kuliko vyote ndicho nimekiweka mkiani.

Anza na kichwa chenyewe

Kabla hujatoa hata shilingi, pima kichwa. Kofia nyingi zinazopeperuka shida yake si kukosa kamba, ni kuzidi kichwa. Chukua futi kamba ya fundi, izungushe katikati ya paji la uso, ipite juu kidogo ya masikio, na nyuma ipite pale kisogo kilipotokeza zaidi. Usiikaze, usiilegeze. Kofia za kiwandani huandikwa kipimo ndani, ama kwa sentimita, ama kwa zile namba za Kimarekani zinazowachanganya wateja wa mitumba pale soko la Mwanga, hapa mjini: 7, 7⅛, 7¼. Siri yake ni ndogo. Ni mzunguko wa kichwa kwa inchi, ukaugawanya kwa 3.14. Kichwa cha sentimita 57 kinavaa 7⅛, cha 58 kinavaa 7¼. Mimi ni 58. Kofia ya kwanza niliyoipoteza ilikuwa 60, na niliinunua kwa sababu rangi yake ilinipendeza.

Jambo la pili ni ukingo. Upepo huiinua kofia kabla ya kuisukuma. Hewa ikiingia chini ya ukingo mpana inaubeba, na mwendo wa hewa ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo inaongezeka mara nne. Ndiyo maana kofia iliyotulia vizuri ufukweni mkisubiri abiria inaruka mara tu boti linapokolea mwendo. Wazee wa Ujiji wanaokwenda msikitini na kofia zao za mkono, zile za kudariziwa vijitundu, hawaijui shida hii: kofia zao hazina ukingo wa kuingiza hewa, na zimeshonwa kwa kipimo cha kichwa cha mwenyewe. Hata Livingstone, siku Stanley alipomkuta palepale Ujiji mwaka 1871, alikuwa na kofia ya buluu ya mdomo mdogo, yenye utepe wa dhahabu uliofifia. Aliyekuja na kofia kubwa ya jua ni mgeni wake. Stanley akaivua kusalimia. Tumefundishwa kwamba ni adabu, lakini nani ajuaye, labda alikuwa anauwahi upepo.

Kwa hiyo ukifika dukani sema kwanza una kofia gani. Pama la ukindu, lile la ukingo mpana, na kapelo ni wagonjwa wawili tofauti, hawanywi dawa moja.

1. Kamba ya kidevuni ya miguu minne

Hii ndiyo namba moja yangu kwa kofia yoyote ya ukingo mpana, na ndiyo nitakayoieleza kwa urefu, maana wengi wameinunua vibaya wakaishia kuilaumu.

Aliyenifumbua macho ni fundi wangu, mama mtu mzima anayeweka cherehani barazani huko Mwanga. Nilimpelekea kofia mpya na kamba niliyoinunua dukani.

"Shikamoo mama. Naomba unishonee hii."

"Marahaba mwanangu." Akaigeuzageuza ile kamba. "Hii ina miguu miwili. Wewe unakwenda shamba au unapanda boti?"

"Napanda boti."

"Basi umenunua kamba ya shamba."

Kamba ya miguu miwili ni ile iliyoshikizwa sehemu moja kila upande, usawa wa sikio. Upepo ukija kwa mbele unakamata ukingo wa mbele, na kofia inazunguka pale iliposhikizwa kama mlango kwenye bawaba. Inakulalia mgongoni, kamba inapanda kutoka kidevuni mpaka kooni. Hapo kofia hujaipoteza, ni kweli, ila inakukaba, jua liko usoni, na mikono yote miwili imeshikilia ubao wa boti. Nimewahi kusafiri hivyo nusu saa nzima.

Ya miguu minne inashikizwa sehemu mbili kila upande: mguu mmoja mbele ya sikio, karibu na panja, mwingine nyuma ya sikio. Miguu hiyo inakutana chini ya ndewe, kisha inakwenda kidevuni ikiwa kamba moja. Itazame helmeti ya baiskeli utaona mpango ni huohuo. Mguu wa mbele unaizuia kofia isipinduke nyuma, wa nyuma unaizuia isikuangukie puani upepo unapogeuka. Ukishapata huo mpango huhitaji kukaza. Vidole viwili vipite kati ya kamba na kidevu, inatosha kabisa.

Madukani hapa utakayoikuta mara nyingi ni ya miguu miwili. Usihangaike kuitafuta nyingine. Nunua utepe wa pamba wa upana wa sentimita moja, mita moja na nusu hivi ili ubaki na akiba, na kile kidude cha plastiki cha makoti ya mvua, kile unachobonyeza kamba ikapita, ukiachia kinauma. Fundi atamaliza kazi kabla hujamaliza chai. Ukikosa utepe, kamba bapa ya kiatu cha shule inafanya kazi vizuri tu. Kaa mbali na kamba nyembamba ya nailoni. Ni imara, lakini ikilowa jasho inakwaruza shingo kama uzi wa nyavu, na fundo lake linateleza. Kama huna nyingine, choma ncha zake kwa kiberiti zisifumuke, na fundo lipige mara mbili.

Mwambie fundi asitoboe ukindu. Kofia ya ukindu ukiitoboa karibu na ukingo inaanza kuachia mshono mmoja baada ya mwingine, mwishowe unabaki na mkeka. Kamba ishonwe kwenye utepe wa ndani, ule unaonyonya jasho, na kama kofia haina utepe huo, ashone kwanza utepe wa kitambaa kuzunguka ndani. Huo ndio mshono utakaobeba nguvu zote za upepo, kwa hiyo uzi uwe wa kushonea mabegi, usiwe wa kushonea gauni.

Sasa kuhusu kukabwa, ambalo si jambo la utani. Kamba isiyoachia ikinasa kwenye tawi, au kwenye mlango wa gari linaloanza kuondoka, haichagui. Wanajeshi wa Marekani waliliona hili katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Askari wengi waliacha kamba za helmeti zikining'inia wazi wakihofia mlipuko ungeinasa helmeti na kuwavuta shingo, ikabidi kitengenezwe kifungo kinachofunguka chenyewe kikivutwa kwa nguvu. Sisi hatuna mabomu, tuna matawi ya miembe na milango ya daladala. Mwambie fundi akate kamba upande mmoja, karibu na sikio, aunganishe kwa kipande cha velkro, ile inayonasana kwenye viatu vya watoto. Kipande cha sentimita mbili kinahimili upepo wa ziwa na kinaachia ukivuta kwa mkono. Changu kimeachia mara moja tu, nilipopita chini ya kamba ya nguo nyumbani kwangu mwenyewe.

Kitu kingine ambacho hakuna muuzaji atakayekwambia: jaketi la kuokolea maisha. Ukilivaa, na kwenye boti unatakiwa ulivae, kola yake ya nyuma inagusa ukingo wa kofia kila unapoinua uso, na kila ikigusa inaisukuma kofia mbele. Nililaumu kamba mbili kwa kosa la jaketi. Dawa yake ni kukunja ukingo wa nyuma kuelekea juu na kuushikiza kwa nyuzi mbili tatu, au kununua kofia ambayo ukingo wake ni mfupi nyuma. Begi la mgongoni lililojaa lina tabia hiyohiyo.

Ukimnunulia mtoto, na hasa mtoto mwenye ualbino

Hapa nitasimama kidogo. Mpwa wangu ana ualbino, yuko darasa la tatu. Kwake yeye kofia ni kinga, kama chandarua kilivyo kinga ya mbu. Ngozi yake haina rangi ya kutosha kuikinga na jua, na saratani ya ngozi ndiyo hatari kubwa inayowaandama watu wenye ualbino katika nchi za jua kama yetu. Hospitali ya KCMC kule Moshi wamefika mahali pa kutengeneza wenyewe mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili yao. Lakini mafuta peke yake hayatoshi. Wataalamu wa ngozi wanataka nguo za mikono mirefu na kofia yenye ukingo wa sentimita saba na nusu au zaidi, unaozunguka pande zote. Kapelo haifai, inaacha masikio na shingo juani.

Na ukingo wa namna hiyo, kama nilivyosema, ndio upepo unaoupenda. Mtoto anakimbia, kofia inaanguka, anaiokota mara mbili, mara ya tatu anaiacha darasani na kutoka bila kofia. Kwa hiyo kifaa cha kuishikilia kwake ni sehemu ya dawa. Wakati huohuo kamba shingoni mwa mtoto ni hatari kuliko shingoni mwangu. Mwaka 1996 Marekani ilitoa mwongozo wa kuondoa kamba za shingoni na za kofia kwenye makoti ya watoto, baada ya watoto kunaswa kwenye vyombo vya kuchezea na milango ya mabasi ya shule na wengine kupoteza maisha. Mtoto wa Kigoma hachezi kwenye hivyo vyombo vya chuma, anapanda mwembe, na mwembe una matawi mengi zaidi.

Tulichomfanyia ni hiki. Kofia ya kitambaa cha pamba, si ya ukindu, ili asikatazwe kulala nayo kwenye dawati. Kipimo chake kamili, na utepe wa kukazia kwa nyuma ili ikue naye. Miguu minne mifupi inayoishia kidevuni, na chini ya kidevu hakuna fundo wala kidude cha plastiki, ni velkro tu, kipande kidogo. Akivutwa, inafunguka. Kamba isiwe na ncha inayoning'inia hata kidogo, na kofia isiachwe ikining'inia mgongoni wakati wa mchezo: ama iko kichwani, ama iko mkononi mwa mwalimu. Mtoto chini ya miaka mitano sitamfunga kamba ya aina yoyote. Huyo mvalishe kofia inayombana vizuri na umkae karibu.

2. Sponji ya ndani

Kama kofia imekuzidi kidogo tu, sentimita moja au mbili, usinunue kamba. Nunua sponji. Zipo zinazouzwa tayari, vipande virefu vyenye gundi upande mmoja, unabandua karatasi na kubandika nyuma ya utepe wa jasho. Fundi wa magodoro atakukatia kipande cha sponji bure ukimsalimia vizuri. Kiwe na unene wa nusu sentimita, usizidi.

Ujanja uko mahali pa kukiweka. Wengi wanazungusha sponji kofia nzima, matokeo yake kofia inakaa juu ya kichwa kama sufuria juu ya mafiga. Weka kipande kimoja mbele, kwenye paji, upana wa viganja viwili. Kama bado inacheza, ongeza kingine kidogo kisogoni. Pembeni paache pawe wazi, kichwa cha mtu si mviringo kamili, ni kirefu kwenda nyuma, na kofia inayobana pembeni inaleta maumivu ya kichwa kabla ya saa sita.

Sponji haitaishikilia kofia kwenye boti. Hilo nalisema wazi nisije nikatafutwa. Lakini kwa mtu wa sokoni, wa kuanika dagaa mchangani Katonga, wa kutembea kwa miguu kutoka Mwanga hadi stesheni, inamaliza tatizo lote kwa bei ya chapati na chai. Inanyonya jasho, kwa hiyo ivue uifue. Iliyobandikwa kwa gundi haivuliki, na baada ya miezi mitatu utaitambua kwa harufu.

3. Uzi wa kola, kwa wavaa kapelo

Ni uzi mfupi, una klipu kila upande. Klipu moja inauma utepe wa nyuma wa kapelo, nyingine inauma kola ya shati. Kapelo ikiruka inaishia mgongoni. Haizuii kofia kukutoka, inazuia kofia kupotea, na ndiyo maana nimeiweka ya tatu. Kwa kapelo lakini ndicho kifaa bora kuliko vyote, sababu kamba ya kidevuni kwenye kapelo inakufanya uonekane umetoroka gwaride.

Angalia meno ya klipu. Ya chuma chenye ncha kali yanatoboa kola, na baada ya wiki chache shati linaonekana limeliwa na panya. Ya plastiki yenye mistari yanashika vizuri na hayachani. Ivute dukani mbele ya muuzaji, kwa nguvu. Akikunja uso, nunua kwingine. Urefu wa uzi usizidi sentimita arobaini. Mrefu zaidi ya hapo unanasa kila kitu, na anayekaa nyuma karibu na mashine ya boti auingize ndani ya shati, kamba na mashine inayozunguka havikai pamoja.

Kwa asiyetaka kununua, klipu za vitambulisho vya kazini mbili na kipande cha kamba ya kiatu vinatosha. Na ukinunua kapelo, chagua inayokazwa nyuma kwa bizimu ya chuma. Zile za vifungo vya plastiki vya kubonyeza zinakuruhusu kukaza kwa hatua tu, na jua likishaikausha ile plastiki inakatika siku usiyoitarajia.

4. Pini na vichana, kwa kofia za harusi na kanisani

Sina nywele za kusimulia, kwa hiyo hapa nasema niliyofundishwa na dada yangu, ambaye ni mwanakwaya na ana kofia nyingi kuliko viatu. Pini ya kofia haiishikilii kofia kwenye kichwa, inaishikilia kwenye nywele. Inaingia kwenye kitambaa, inapita chini ya fungu la nywele, inatokea tena kwenye kitambaa. Mwenye misuko au nywele zilizofungwa nyuma inamfaa sana. Mwenye nywele fupi asidanganywe na muuzaji. Na moja haitoshi. Ziwe mbili, zikipishana.

Pini hizi zilikuwa ndefu kweli Ulaya na Marekani enzi za kofia kubwa za kike, mpaka Chicago mwaka 1910 madiwani wakapitisha sheria ya kuzipunguza kwa sababu ncha zilikuwa zinawachoma abiria wenzao. Waliochomwa walikuwa wanaume wengi, na inasemekana si wote walikuwa hawana kosa. Za leo ni fupi, lakini nunua zenye kifuniko cha ncha.

Dada yangu mwenyewe ameacha pini, anatumia vichana. Vichana viwili vidogo vya plastiki vinashonwa ndani ya kofia kwa mkono, kimoja mbele na kimoja nyuma, meno yakitazamana. Ukikiingiza cha mbele kisha ukakisukuma cha nyuma, vinavutana na kofia haiendi popote, hata wakati wa mapambio ya kucheza. Kwa kofia ndogo za pembeni, zile za sherehe, kuna lastiki nyembamba ambayo watu huipitisha kidevuni kwa kosa. Ile inapita nyuma ya kichwa, chini ya nywele. Rangi yake ifanane na ya nywele, hakuna atakayeiona.

5. Lastiki ya kidevuni

Ndiyo rahisi kuliko zote, inauzwa kwa mita kila duka la vifaa vya cherehani, na ndiyo watu wengi huanza nayo. Nami nilianza nayo. Siku ya kwanza ni nzuri. Shida ni kwamba lastiki inanyumbuka, hiyo ndiyo kazi yake, kwa hiyo upepo ukiwa mkali kofia inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, kama mfuniko wa sufuria ya maharage. Unaikaza zaidi, inakuchora mstari kidevuni.

Halafu haiishi muda mrefu huku kwetu. Jua linaikausha mpira, na mafuta yanailegeza. Mafuta ya nywele yanatosha kuiua, na kama kazi yako ni mawese, ukaishika kila siku kwa mikono ile ile, itakuwa imelegea kabla ya msimu kwisha. Kofia yangu ya pili ilikwenda kwa lastiki ya miezi minne iliyoonekana nzima kabisa kwa nje. Ukiipenda, nunua ya bapa iliyofumwa kwa uzi, siyo ile ya mviringo kama tambi, na ibadilishe kabla haijakuomba.

6. Kanga juu ya kofia

Huu ni ushauri wa yule mama wa kwenye kiroba. Nilikutana naye tena safari nyingine, nikamkuta amevaa pama la ukindu, juu yake amepitisha kanga iliyokunjwa ikashusha ukingo pande zote mbili na kufungwa chini ya kidevu. Boti lilikuwa linaruka mawimbi, kofia yake haijatikisika hata kidogo. Alinitazama kichwani, akaona kamba yangu ya miguu minne, hakusema kitu.

Kwa nguvu ya kushika, kanga inashinda vyote hivi, kwa sababu inauzuia ukingo wenyewe usiinuke, na bei yake ni bure maana kanga unayo. Nimeishusha kwa sababu moja tu: inafunika masikio. Kwenye boti unahitaji kumsikia nahodha. Na kwa mwanaume, basi, mwenyewe utaamua.

7. Tepu na gundi

Ndiyo niliyosema ni ghali kuliko vyote. Tepu ya pande mbili, ile ya mawigi, unabandika ndani ya utepe na kuikandamiza kwenye paji la uso. Niliuziwa kwa maneno matamu kwamba haiogopi upepo. Upepo haiuogopi, inaogopa jasho, na sijui ni nani amewahi kushusha magunia ya dagaa saa saba mchana bila jasho. Haikufika hata nusu ya njia. Kofia ilibaki, kwa sababu siku hiyo hapakuwa na upepo, ila jioni nilitumia mafuta ya taa kuondoa gundi kwenye paji, na kesho yake ngozi ilikuwa imechubuka mstari mmoja ulionyooka kutoka panja hadi panja. Watoto mtaani wakaniuliza nimegombana na nani.

Chochote utakachochagua, kijaribu kabla hujalipa. Vaa kofia, inama mpaka uone vidole vya miguu, halafu tikisa kichwa kama mtu anayekataa deni. Kisha simama mbele ya feni ya muuzaji, aiweke namba ya juu, na ugeuke polepole mpaka upepo ukupige kisogoni. Ikihimili zamu hizo tatu, itahimili safari ya boti mpaka Gombe. Bodaboda usiipe mtihani huo: huko kofia inaingia kwenye begi na kichwani inakaa helmeti.